Sura na Wakili: Magazeti ya Mitindo ya Vijana wa Marekani tangu 1944

Utangulizi

Katika Kiswahili cha siku hizi neno uwakilishi limebebeshwa mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni wa zamani. Unatokana na wakili, neno lililotoka Kiarabu na kukaa katika biashara na sheria za Pwani kwa muda mrefu. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa na wakili Unguja alimteua mwenyewe, akampa maagizo, akamtaka hesabu, na alikuwa na uwezo wa kumwondoa. Mzigo wa pili ni mpya. Picha ya mtu wa rangi au hali fulani ikitokea gazetini, husemwa kwamba watu wa namna yake wamewakilishwa. Hapa hapana aliyeteua, hapana maagizo, wala hapana hesabu. Kilichopo ni sura. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo haya mawili, na tafsiri ya haraka imeupitisha utata huo katika Kiswahili bila ya kuukagua.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza utata huo kwa mfano mmoja wa kihistoria, yaani magazeti ya mitindo ya mavazi yaliyoandikiwa wasichana wa Marekani tangu mwaka 1944. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, safari ya magazeti hayo kutoka ubaguzi hadi upokezi wa watu wa kila namna inaweza kufuatwa kwa tarehe, na kwa sehemu kubwa safari hiyo imekwisha. Pili, wanawake watatu ambao maisha yao yamegusa Afrika ya Mashariki wamesimama katika njia panda zake. Hoja inayotolewa ni kwamba jalada la gazeti lilifunguliwa mapema kuliko meza ya mhariri, na kwamba mabadiliko yenye uzito yalipatikana pale tu ambapo mojawapo ya masharti manne ya wakili lilitimizwa: uteuzi, maagizo, hesabu au uwezo wa kuondoa.

Teena na watu wa nyumbani kwake

Gazeti la Seventeen lilitolewa kwa mara ya kwanza Septemba 1944 na kampuni ya Walter Annenberg, chini ya uhariri wa Helen Valentine. Kabla ya hapo wasichana wa Marekani walisoma magazeti ya mama zao au ya waigizaji wa sinema. Valentine aliamini kwamba msichana wa shule ya sekondari alikuwa na akili na haja zake mwenyewe, na hivyo gazeti lilichanganya mavazi na vitabu, siasa, na ushauri juu ya masomo. Kufikia mwaka 1947 lilikuwa likiuza nakala zipatazo milioni moja kwa mwezi.

Hapana budi kueleza namna gazeti la aina hii linavyoishi. Bei anayolipa msomaji haitoshi kulipia karatasi, picha na mishahara. Fedha kubwa hutoka kwa watangazaji wa biashara. Basi mhariri anayo mauzo mawili: humwuzia msomaji gazeti, kisha huwauzia wenye viwanda macho ya msomaji huyo. Ili kuifanya kazi hii ya pili, Estelle Ellis, aliyesimamia utangazaji wa Seventeen, alijenga kutokana na utafiti wa wasomaji mtu wa kubuni aliyeitwa Teena. Teena alikuwa na umri wa miaka 16, mwanafunzi wa sekondari, mwenye fedha kidogo za mfukoni na wazazi wenye uwezo wa kumnunulia zaidi. Wenye maduka na viwanda waliambiwa habari za Teena kana kwamba anaishi mtaa wa pili.

Teena alikuwa mweupe. Halikuwa jambo la kuandikwa, kwa sababu hakuna aliyeliona kuwa jambo. Msichana Mweusi wa Chicago au wa Atlanta aliyenunua Seventeen katika miaka ya 1940 na 1950 alilipa bei ile ile aliyolipa mwenzake mweupe, lakini hakuhesabiwa katika macho yaliyouzwa. Ukimya huo ndio uliokuwa sera. Ukimya una nguvu kuliko tusi, kwa kuwa tusi angalau humkiri anayetukanwa.

Waliojijengea nyumba yao

Wamarekani Weusi hawakungoja. John H. Johnson alianzisha Ebony mjini Chicago mwaka 1945. Tangu mwaka 1958 kampuni yake ilipeleka maonyesho ya mavazi yaliyoitwa Ebony Fashion Fair katika miji mingi ya Marekani, na waonyeshaji wengi walikuwa Weusi. Maonyesho hayo yalifichua upungufu usioweza kuonekana kwenye karatasi: maduka hayakuwa na poda wala rangi za uso zilizolingana na ngozi nyeusi, na waonyeshaji walilazimika kuchanganya wenyewe. Mwaka 1973 kampuni ilianza kuuza vipodozi vyake, vikaitwa kwa jina la maonyesho yale. Mei 1970 likatokea Essence, lililoandikiwa hasa wanawake Weusi vijana.

Upungufu huo ulikuwamo hata ndani ya kamera. Kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafishaji wa picha kadi za kulinganishia rangi zilizokuwa na sura ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Picha iliyomweka mtu mweusi kando ya mtu mweupe mara nyingi ilimwonyesha yule wa kwanza kama kivuli chenye macho na meno. Ni kweli kwamba mhariri angeweza kujitetea kwa kusema picha hazitoki vizuri. Lakini hazikutoka vizuri kwa sababu aliyeitengeneza filamu alikuwa na Teena wake pia.

Yafaa kusisitizwa kwamba katika Ebony na Essence masharti ya wakili yalikaribia kutimizwa. Waliomiliki, walioandika na waliosoma walikuwa wa jamii moja. Msomaji aliyechukizwa alijua aandike barua kwa nani, na mhariri alijua angekutana na msomaji huyo kanisani au katika mkutano. Tatizo lao lilikuwa matangazo: kampuni kubwa zilisitasita kuyaleta kwao, hata pale zilipouza bidhaa zao kwa watu hao hao.

Agosti 1968

Martin Luther King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968. Miezi minne baadaye toleo la Agosti la Glamour, gazeti la wanawake vijana, lilitoka likiwa na msichana Mwafrika jaladani, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika gazeti hilo. Jina lake ni Katiti Kironde, mwanafunzi wa Harvard, binti wa Apollo Kironde, aliyekuwa balozi wa Uganda katika Umoja wa Mataifa. Alifika hapo kwa njia ya shindano. Kila mwaka Glamour lilichagua wanafunzi kumi wa vyuo waliosifiwa kwa mavazi yao, na Kironde alikuwa mmoja wao.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa katika tukio hilo. La kwanza ni kwamba lango lilikuwa shindano la wanafunzi, wala si shirika la waonyeshaji mavazi. Kwa kadiri ndogo, basi, palikuwa na uteuzi. La pili ni kwamba Mweusi wa kwanza kuonyeshwa katika jalada hilo hakuwa binti wa Harlem wala wa Alabama, bali mgeni, mtoto wa mwanadiplomasia, kutoka nchi iliyopata uhuru mwaka 1962. Haipunguzi heshima yake kusema kwamba mgeni wa namna hiyo humfikia mwenyeji bila ya deni. Historia ya utumwa na ya mabasi yaliyotengwa haikuwa imeandikwa katika jina lake. Jalada liliweza kumpokea kabla ya kumpokea jirani.

Jirani alikuja baadaye. Julai 1970, karibu miaka 26 baada ya toleo la kwanza, Joyce Walker alitokea katika jalada la Seventeen, naye huhesabiwa kuwa msichana Mweusi wa kwanza kuonyeshwa hapo. Essence lilikuwa na umri wa miezi miwili. Si rahisi kuthibitisha kwamba jambo moja lilileta jingine; hata hivyo, soko ambalo halikuonekana wakati wa Teena sasa lilikuwa limejitokeza lenyewe na kusimama mlangoni.

Mwaka ule ule wa 1968 una upande mwingine ambao msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kuusahau. Miezi miwili tu baada ya toleo lile la Glamour, Umoja wa Vijana wa TANU mjini Dar es Salaam ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudia kupiga marufuku sketi fupi, wigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo wanawake walishambuliwa na makundi ya vijana katika eneo la Kariakoo. Huko New York msichana kutoka Uganda alikuwa amesifiwa kwa kuvaa vizuri. Huku Pwani wasichana walishtakiwa kwa kuvaa. Mwaka 1972 Uganda yenyewe, chini ya Idi Amin, ilipiga marufuku sketi fupi.

Ni dhahiri kwamba nia za pande hizi mbili zilikuwa tofauti sana. Upande mmoja ulitafuta wanunuzi, na wa pili ulitafuta utamaduni wa taifa. Lakini muundo wa usemi ulifanana: katika pande zote mbili mwili wa msichana ulitumiwa kusema jambo, na aliyeamua jambo gani lisemwe hakuwa yeye. Sauti za wasichana wenyewe zilisikika katika barua kwa wahariri wa magazeti ya Dar es Salaam, ambako waliuliza ni nani aliyewapa wanaume kazi ya kupima nguo zao. Mtafiti wa historia ya mavazi angefanya vizuri kuzitazama kurasa hizo za barua kabla ya majalada.

Sura yenye hadithi ya mtu mwingine

Mfano wa pili ni wa Iman Mohamed Abdulmajid, mzaliwa wa Mogadishu, aliyekuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mpiga picha Peter Beard alikutana naye mjini Nairobi mwaka 1975, na mwaka huo huo akaenda New York. Huko waandishi wa habari walikuwa wameelezwa kwamba Beard alimpata nyikani akichunga mifugo, na kwamba hajui Kiingereza. Ukweli ni kwamba alikuwa binti wa balozi, na alizijua lugha tano.

Vogue, lililomtoa Iman, si gazeti la wasichana wa shule. Lakini ndilo lililoongoza yale mengine katika kuamua sura ipi ni nzuri, na kwa hiyo kisa chake hakiwezi kuachwa. Kwa mtazamo wa sura peke yake mwaka 1975 ulikuwa ushindi: mwanamke wa Kiafrika alikubaliwa bila kuombwa afanane na mzungu. Kwa mtazamo wa wakili ulikuwa hasara, kwa kuwa hadithi yake ilipokonywa mdomoni mwake. Kumnyima mtu lugha tano ili apendeze zaidi ni jambo linalopaswa kuwashughulisha wanaisimu kuliko watu wengine wote. Iman mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba katika kazi yake ya kwanza ya Vogue mpambaji alimwuliza kama amekuja na poda yake, maana pale hapakuwa na iliyomfaa. Mwaka 1994 alianzisha kampuni yake ya vipodozi kwa wanawake wenye ngozi za rangi nyeusi na za maji ya kunde. Aliyekuwa sura akawa mwenye duka, na kuanzia hapo alisema mwenyewe.

Wasomaji wadai hesabu

Mwaka 1988 lilianzishwa gazeti la Sassy, likihaririwa na Jane Pratt. Ufundi wake mkubwa ulikuwa wa lugha. Badala ya sauti ya shangazi anayeonya, waandishi walitumia usemi wa vijana wenyewe, wakatia sahihi majina yao, na wakabishana kurasani. Mwaka huo huo vikundi vya kidini vilishambulia makala zake juu ya mapenzi, na baadhi ya watangazaji wakajiondoa. Hata hivyo, mwaka 1990 Sassy lilifanya jambo lisilo la kawaida: toleo zima lilitengenezwa na wasomaji, walioalikwa kuchagua habari, kuandika na kuonyesha mavazi. Katika lugha ya makala haya, wasomaji walipewa nafasi ya kutoa maagizo. Gazeti liliuzwa kwa kampuni nyingine mwaka 1994, na tabia yake haikudumu kwa muda mrefu baada ya hapo.

Sharti la hesabu lilijitokeza wazi mwaka 2012. Msichana wa miaka 14 kutoka jimbo la Maine aliandika ombi kwa Seventeen kwamba angalau mara moja kwa mwezi lichapishe picha ambazo hazikurekebishwa kwa kompyuta ili kupunguza viuno na kufuta madoa. Ombi lilitiwa sahihi na watu zaidi ya 80,000. Katika toleo la Agosti mwaka huo wahariri walichapisha ahadi kwamba hawatabadilisha maumbo ya miili wala nyuso za wasichana. Ahadi hiyo haikuwa sheria, na mtu anaweza kuuliza ni kwa kiasi gani ilikuwa mpya. Lakini jambo kubwa lilikwisha kufanyika. Teena, aliyebuniwa ili asemewe, alikuwa ameandika barua.

Kuanzia hapo mipaka ya uzuri iliendelea kupanuka. Jalada la Teen Vogue la Agosti 2015 lilikuwa na wasichana watatu Weusi, Imaan Hammam, Aya Jones na Lineisy Montero, bila ya gazeti kudai kwamba ni toleo maalumu la watu Weusi. Mwaka 2018 gazeti hilo hilo, ambalo wakati huo lilikuwa limekwisha kuacha kuchapishwa kwenye karatasi, lilionyesha waonyeshaji mavazi wenye ulemavu wakiwa ndio habari kuu.

Kalamu mezani, na mipaka yake

Mabadiliko hayo katika Teen Vogue hayakuja yenyewe. Elaine Welteroth, mwanamke Mweusi, alianza kusimamia kurasa zake za urembo mwaka 2012, na mwaka 2016, akiwa na miaka 29, akapewa uongozi wa gazeti. Chini yake habari za uchaguzi, rangi na haki zilikaa kurasa moja na viatu na nywele, na wazee wa Marekani walishangaa kwamba wasichana wanazisoma. Valentine, aliyeweka siasa katika Seventeen mwaka 1944, asingeshangaa. Tofauti ilikuwa kwamba sasa aliyeshika kalamu alikuwa mmoja wa wale ambao Teena hakuwajua.

Mwaka 2021 uliongeza sharti la nne. Wafanyakazi zaidi ya ishirini wa Teen Vogue walimpinga hadharani mhariri mkuu mteule kwa sababu ya maneno ya dhihaka aliyoyaandika zamani juu ya Waasia, naye akajiondoa kabla ya kuanza kazi. Yawezekana kubishana juu ya uadilifu wa kumhukumu mtu kwa maneno ya ujana wake, na wengi walibishana. Kwa upande wa historia, hata hivyo, hapa uwezo wa kumwondoa msemaji ulitumiwa na watu wa chini.

Wakati huo huo mfano wa tatu wa Afrika ya Mashariki unatoa onyo. Halima Aden, Msomali aliyezaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, alihamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 2016 alishiriki shindano la urembo la Minnesota akiwa amevaa hijabu, na katika miaka miwili iliyofuata alitokea katika majalada ya Allure, Vogue Arabia na Vogue la Uingereza. Mkataba wake wa kazi ulisema kwamba hatavuliwa hijabu. Novemba 2020 aliiacha kazi hiyo. Alieleza kwamba hijabu yake ilikuwa imegeuzwa hatua kwa hatua mpaka ikawa vitu asivyovitambua, hata suruali za jinzi zikazungushwa kichwani pake, kwamba alikosa sala, na kwamba miongoni mwa waliomvisha hapakuwa na wanawake wa Kiislamu wa kutosha kuelewa maana ya vazi hilo. Mkataba ulihifadhi kitambaa lakini haukuweza kuhifadhi maana. Maana hulindwa na watu walio chumbani, si na kifungu cha mkataba.

Wala meza ya mhariri si mwisho wa safari, kwa kuwa juu yake kuna mwenye kampuni. Teen Vogue liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwishoni mwa mwaka 2017, na Welteroth akaondoka Januari 2018. Novemba 2025 kampuni yake ilitangaza kuliingiza ndani ya Vogue, na baadhi ya waandishi wakaachishwa kazi. Kwa upande wa pili, Essence, ambalo lilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa tangu mwaka 2005, lilinunuliwa mwaka 2018 na Richelieu Dennis, mzaliwa wa Liberia, likarudi katika umiliki wa Weusi. Waswahili husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Nafasi iliyotolewa kwa hisani huweza kuchukuliwa asubuhi moja.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa haionyeshi mstari mmoja ulionyoka kutoka giza hadi nuru. Inaonyesha kwamba sura hubadilika kwa wepesi, kwa sababu kubadilisha sura hugharimu picha moja. Maagizo, hesabu na mamlaka hubadilika kwa uzito, kwa sababu hugharimu ajira na mali. Hata hivyo si haki kuidharau sura. Msichana Mweusi aliyeliona jalada la Agosti 1968 dukani alipata kitu ambacho mama yake hakukipata, na hakuna nadharia inayoweza kumnyang'anya furaha hiyo.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili lipo fundisho la istilahi. Lugha hii tayari ina maneno ya kutenga mambo ambayo tafsiri imeyachanganya. Gazeti lililochapisha picha ya mtu limemwonyesha, au limetoa sura yake. Limemwakilisha pale tu ambapo yeye au watu wake wamepata njia ya kuliagiza, kulihoji na kulikataa. Mwanamke wa Pwani anayechagua leso dukani husoma kwanza maneno yaliyoandikwa juu yake, na asipoyapenda huirudisha hata kama rangi zake zimempendeza. Anajua kwamba akiivaa, maneno hayo yatahesabiwa kuwa yake. Kipimo hicho ndicho kinachofaa kutumiwa kwa magazeti yanayoandikiwa vijana wa Afrika ya Mashariki pia, na utafiti juu ya nani aliyeyaagiza maneno yake haujachelewa kuanza.